Je, wajua kwa nini anayempima mtu aliyebakwa hufundishwa kutolamba bahasha?

Bahasha nyingi bado zina ile gundi ya kulowesha kwa ulimi. Kwa barua ya kawaida hakuna neno. Lakini bahasha hiyo ikiwa imebeba kijiti cha pamba kilichopitishwa kwenye ngozi ya mtu aliyebakwa, mate ya aliyeifunga yameshaingia kwenye kesi. Maabara inaweza kukuta vinasaba (DNA) vya mtu ambaye hakuwepo usiku ule, na wakili wa utetezi akapata pa kushika. Ndiyo maana watu waliokwisha kusomea tiba kwa miaka hukalishwa darasani na kuambiwa, tena kwa mkazo: bahasha funga kwa stika au kwa sponji yenye maji, ulimi uache.

Nchini Marekani, baadhi ya wanaokalishwa hivyo ni wasaidizi wa madaktari. Kada hii ilianzia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965, Dkt. Eugene Stead alipoanza kuwafundisha vijana waliokuwa wamehudumia wagonjwa katika jeshi la wanamaji. Jina lao linadanganya kidogo, kwa sababu wanapima, wanaandika dawa na wanashona majeraha, na katika hospitali ndogo za vijijini mara nyingi ndio utakaowakuta zamu ya usiku. Mtu kama huyo anarudije darasani kujifunza kumpima mgonjwa?

Ukitazama anachofundishwa utaona kwamba sehemu kubwa ni kuacha alichozoea. Chukua nguo. Kwenye chumba cha dharura mkasi hupita popote ili mgonjwa afikiwe haraka. Hapa, maadamu uhai hauko hatarini, mgonjwa anavua mwenyewe, na mkasi ukilazimika kutumika haupitishwi kwenye tundu, mchaniko wala doa, kwa kuwa mchaniko ule huenda ndio unaosimulia nguvu iliyotumika. Kabla ya hapo zinatandikwa karatasi mbili kubwa sakafuni, moja juu ya nyingine, naye anasimama juu yake bila viatu. Ya chini ni ya kuzuia uchafu wa sakafu. Ya juu inadaka kinachodondoka: unywele, uzi, kipande cha jani. Akimaliza, ya juu inakunjwa taratibu kwa kuelekeza ndani na kuwa kielelezo. Ya chini inatupwa.

Kisha kila nguo na mfuko wake, na mfuko uwe wa karatasi. Hospitali imezoea plastiki kwa sababu ya usafi, lakini plastiki hufungia unyevu, na kwenye unyevu bakteria na ukungu huharibu vinasaba. Vijiti vya pamba navyo hukaushwa kwanza. Jeraha lisilo la hatari hupigwa picha na kuchukuliwa sampuli kabla halijasafishwa, jambo ambalo mkono uliozoea kukimbilia dawa ya kuoshea hulipinga mwanzoni. Glovu hubadilishwa mara kwa mara, na kila kinachofungwa kinatiwa saini, tarehe na saa, ili hata baada ya miaka ijulikane kielelezo kilipita mikononi mwa nani.

Vyote hivyo huingia kwenye kisanduku maalumu. Aliyekipigania ni Martha Goddard wa Chicago, aliyeona jinsi ushahidi ulivyokuwa ukipotea hospitalini, na hospitali za mji huo zikaanza kukitumia mwaka 1978. Kwa miaka mingi kilibeba jina la Louis Vitullo, askari wa maabara ya polisi. Nadhani msomaji anaweza kukisia ni kwa nini jina la mwanamume ndilo lililobandikwa.

Njia ya mafunzo ilifunguliwa na wauguzi. Wa mji wa Memphis, Marekani, walikuwa na mpango wao tangu 1976, na mwongozo wa chama cha kimataifa cha wauguzi wa fani hii unadai angalau saa 40 za nadharia kabla ya mazoezi ya vitendo. Cheti cha chama hicho hutolewa kwa wauguzi waliosajiliwa tu. Msaidizi wa daktari anaweza kupata mafunzo ya aina hiyo, lakini kutambuliwa kwake rasmi kunategemea taratibu za jimbo lake.

Mazoezi hayaanzii kwa manusura. Mara nyingi hufanyika kwa watu waliofunzwa na kulipwa ili wapimwe, ambao humwambia mwanafunzi papo hapo: mkono wako mzito, hujaniomba ruhusa, umenigusa kabla sijajibu. Ruhusa huombwa kila hatua, na mgonjwa anaweza kukubali picha akakataa kipimo cha ndani. Anaweza pia kupimwa bila kulipa na bila kulazimishwa kwenda polisi. Muda nao unahesabiwa: majimbo mengi hukusanya vielelezo hadi saa 120 baada ya tukio, lakini dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, na humezwa kwa siku 28.

Hata kalamu inafundishwa upya. Maneno ya mgonjwa huandikwa kama alivyoyatamka, ndani ya alama za kunukuu. Haiandikwi “anadai”, neno lenye harufu ya kutoaminiwa, huandikwa “anasema”. Na swali “kwa nini ulikwenda kule?” haliulizwi, maana halisaidii tiba wala maabara.

Kozi nyingi zina kipindi cha mahakama ya kuigiza. Mwanafunzi anapanda kizimbani, na anayeigiza wakili wa utetezi anamuuliza kama alikuta jeraha lolote sehemu za siri. Hakukuta. “Kwa hiyo hakubakwa?” Anayejikaza kumtetea mgonjwa hapo huanguka, na anayekubali huanguka vibaya zaidi. Jibu linalotafutwa ni fupi: waliobakwa wengi hawakutwi na jeraha lolote huko, na kipimo hiki peke yake hakiwezi kusema kama alibakwa au hakubakwa.