Umbali salama kwenye barabara za magari yanayojiendesha

Umbali salama ni nafasi kati ya bampa ya nyuma ya gari lililotangulia na bampa ya mbele ya linalofuata, inayotosha la nyuma lisimame bila kugonga hata la mbele likifunga breki zote ghafla. Si umbali wote ambao gari la nyuma hutumia hadi kusimama, maana la mbele nalo husogea huku likifunga breki.

Kinachochosha masikio ni madai kwamba kompyuta ikishika usukani magari yanaweza kubanana kwa usalama kwa kuwa "haichelewi". Tuseme magari mawili yako 96 km/h. La mbele lina tairi mpya, linapunguza mwendo kwa mita 8 kwa sekunde, kila sekunde. La nyuma limeelemewa na mzigo, linapata 5 tu, na kompyuta yake imechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Yasigusane, panahitajika karibu mita 30. Kuchelewa kumekula chini ya mita 3. Zilizobaki zote ni tofauti ya breki, na hapo kompyuta haina dawa.

Mbona basi mwaka 1997 huko San Diego, Marekani, katika onyesho la magari yanayojiendesha kwenye barabara kuu ya I-15, magari manane ya Buick yaliongozana kwa mwendo huohuo yakiachana mita 6.5? Hesabu ile ile inajibu. Ukiacha mita 20, la nyuma linagonga likiwa na tofauti ya mwendo ya kama 35 km/h. Mita 6.5, kama 23. Mita 2, kama 13, kwa sababu yanagusana kabla tofauti haijakua. Pabaya ni umbali wa katikati, si mdogo sana wala si mkubwa wa kutosha. Ndiyo maana wabunifu hubananisha magari ndani ya msafara, kisha huacha pengo kubwa kati ya msafara na msafara. Tena magari hupashana habari kwa redio: rada huona gari moja tu mbele, na bila redio kila mguso wa breki hukua ukielekea mkiani, hadi gari la mwisho linafunga breki zote.

Kwa hiyo ukisikia kwamba San Diego walipunguza umbali salama hadi mita 6.5, sahihisha taratibu: waliuweka kando ndani ya msafara, wakakubali kwamba mgongano ukitokea uwe mdogo.