Je, wajua kwa nini kijiji cha Hunawihr kina kanisa moja la madhehebu mawili?

Hunawihr ni kijiji cha watu mia kadhaa katika jimbo la Alsace, mashariki mwa Ufaransa. Kanisa lake liko kilimani katikati ya mashamba ya mizabibu, limezungushiwa ukuta mnene kama wa ngome, na ndani ya ukuta huo ndimo yalimo makaburi. Tangu 1687, Wakatoliki na Walutheri wanasali humo humo.

Kwa muda mrefu niliamini chanzo ni umaskini. Kijiji kidogo, fedha za kujenga makanisa mawili hakuna, majirani wakakaa chini wakapatana. Maelezo hayo yanapendeza, na wengi huyakubali bila kuuliza zaidi, lakini hayaendani na tarehe. Ukoo wa Württemberg uliokitawala kijiji ulileta huko Matengenezo ya Kanisa, yaani mageuzi yaliyozaa Uprotestanti, katika miaka ya 1530. Kwa hiyo kufikia 1687 Hunawihr ilikuwa ya Kilutheri kwa karibu karne moja na nusu. Hapakuwa na makundi mawili yaliyokosa fedha. Palikuwa na kundi moja, nalo lilikuwa na kanisa lake tayari. Isitoshe, vijiji fukara vilijaa Ulaya nzima, ilhali makanisa ya namna hii yalisongamana Alsace na ng'ambo ya pili ya mpaka, katika eneo la Pfalz nchini Ujerumani. Kote huko, aliyefungua mlango alikuwa mtawala.

Huku Alsace mtawala huyo alikuwa Mfalme Louis XIV wa Ufaransa. Mkataba wa amani wa Westfalia wa 1648 ulimpa mamlaka juu ya sehemu kubwa ya Alsace, lakini ulilinda pia haki za Walutheri wa huko. Ndiyo maana alipopiga marufuku Uprotestanti Ufaransa mwaka 1685, marufuku hiyo haikufika Alsace. Kuyafunga makanisa ya Walutheri hakuweza, basi akawaingiza wengine ndani yake. Kanuni ilikuwa hii: kijiji kikiwa na familia saba za Kikatoliki, wapewe sehemu ya altare.

Kwa nini sehemu ya altare, na si nusu ya jengo? Hapa ndipo jambo hili linaponivutia kuliko kwingine kote. Fundi anayetaka kuigawa nguo bila kuiharibu huifumua kwenye mshono. Kanisa la zama zile lilikuwa na mshono wake: mwisho wa jengo kuna patakatifu penye altare, na mbele yake kuna ukumbi mrefu wa waumini. Misa ya Kikatoliki kiini chake ki altareni. Ibada ya Kilutheri huelemea mahubiri, kwa hiyo inahitaji mimbari na viti. Kila upande ulipata kile ambacho usingeweza kusali bila hicho. Hata Bautzen, mji wa Ujerumani ambako pande hizi mbili zimegawana kanisa tangu 1524, bila mkono wa Louis, mgawanyo ulipita palepale: Wakatoliki kwenye altare, Walutheri ukumbini.

Huku Alsace ukumbi wenyewe, ambamo waumini wa pande zote mbili walikaa, ulitumika kwa zamu, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Ni kama daraja jembamba: kila mtu ana haki ya kuvuka, lakini wa upande huu akichelewa, wa upande ule anasimama. Mahubiri yakirefuka, wenzao wako mlangoni wanasubiri misa. Nani apige kengele, nani alipie paa linalovuja, yote yalihitaji kuamuliwa.

Mwaka 1802 sheria ya Ufaransa ilisema jengo moja la ibada litumiwe na dini moja tu. Alsace vijiji vingi viliendelea kama kawaida. Kwa kweli, hapa ndipo umaskini unapopata nafasi yake: haukuanzisha desturi hii, bali ulisaidia kuidumisha, kwa sababu njia ya kawaida ya kuachana ilikuwa upande mmoja kujijengea kanisa jipya. Penye uwezo walijenga. Kwingine walibaki pamoja, na leo takriban makanisa 50 ya Alsace bado yanatumiwa na pande zote mbili, la Hunawihr likiwemo.