Saruji Ilishinda, Ukuta Ukashindwa

Wiki iliyopita mwenye jumba moja la kale huko Somerset, Uingereza, alinionyesha ukuta wa bustani yake ya mboga na kunieleza kwa fahari kwamba babu yake aliuziba viungo vya matofali kwa saruji ili udumu. Sijui hiyo ilikuwa mara ya ngapi kuyasikia maneno hayo. Najua tu kwamba nilimjibu kwa ukali usiomstahili mtu aliyekwisha kunimiminia chai.

Ukuta wenyewe ni wa karne ya 18, kabla Joseph Aspdin hajapata hataza ya saruji ya Portland mwaka 1824, na ulijengwa kwa chokaa. Matofali ya zama hizo ni laini na hunywa mvua. Chokaa ya viungoni, iliyo laini zaidi, huyapa maji njia ya kutokea, na ikichakaa huondolewa na kuwekwa nyingine. Kazi yake ni kuchakaa badala ya tofali. Ukiziba kwa saruji, maji hulazimika kutokea kwenye uso wa tofali, na usiku wa baridi kali yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, uso ukabanduka. Pale Somerset saruji ilikuwa imesimama mfano wa sega la asali, imara kwelikweli, na ndani ya kila kijumba tofali limeliwa hata kidole changu kikazama hadi pingili ya kwanza. Aliyekulia Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, hatahitaji maelezo zaidi.

Kuiondoa saruji hiyo ni kwa patasi na subira. Grainda, ile mashine ya kukatia, hukata kingo za matofali. Mahali ilipong'ang'ania mno, iacheni. Mchanganyiko wa kuzibia upya ni chokaa moja kwa mchanga tatu, kisha magunia mabichi juu yake, na msiguse kazi hiyo majira ya barafu.

Linalonisumbua ni chokaa ipi. Kwa miaka mingi wengi wetu mafundi tulitumia ile igandayo hata majini, kwa kuwa huwahi kukaza, ilhali mafundi wa kale mara nyingi waliizima chokaa mbichi kwa maji pamoja na mchanga wake, na ile yetu huenda ikazidi kuwa ngumu kadiri miaka inavyopita. Kuna kuta mbili nilizoziba ujanani mwangu ambazo, nikipita jirani nazo, huzitazama kwanza kwa mbali.