Transiti Ndefu Ugenini Hupangwa Tangu Tanga

Nina ofisi ndogo ya kukata tiketi hapa Ngamiani, Tanga, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwaunganishia watu wa mkoa huu safari za nje: vijana wanaokwenda masomoni, wafanyabiashara wanaofuata bidhaa Guangzhou na Istanbul, na wazazi wanaokwenda kuwaona watoto wao waliolowea Ulaya na Marekani. Safari nyingi za namna hiyo huanza kwa basi la kwenda Dar es Salaam, kisha ndege ya kwanza humshusha abiria katika mji wa katikati, uwe Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul, ambako hungoja ndege ya pili; kungoja huko ndiko tunakoita transiti. Tiketi iliyo nafuu mara nyingi ndiyo yenye kungoja kwa muda mrefu, na mteja akiona tofauti ya bei huniambia, "Nipe hiyo hiyo, mwanangu, kungoja si kazi." Hapo ndipo ninapomwomba akae kidogo kwenye kiti, kwa sababu muda ule wa kungoja, uwe saa kumi au saa ishirini, hufaa au huharibika hapa hapa ofisini, kabla hata nauli haijalipwa.

Kosa ninaloliona kuliko mengine yote halitokani na uwanja wa ndege, bali na namna sisi Waswahili tunavyohesabu saa. Pasi ya kupandia ndege huandikwa kwa saa za kimataifa, kuanzia 00:00 hadi 23:59, ilhali sisi saa yetu ya kwanza huanza baada ya macheo. Kijana mmoja wa Chumbageni aliyekuwa akienda kusoma alishuka Addis Ababa usiku, akatazama pasi yake ikasema 09:20, naye akaisoma kama alivyozoea: saa tisa na dakika ishirini, yaani alasiri. Aliswali alfajiri, akatafuta kona iliyotulia, akalala. Ndege yake iliondoka saa tatu na dakika ishirini asubuhi, yeye akiwa usingizini hatua chache tu kutoka kwenye geti. Lililonisikitisha zaidi ni kwamba hapo kabla alikuwa amemuuliza mtu wa kusafisha ukumbi, na kwa Kiingereza cha kuokoteza wakaelewana vibaya, kwa maana Waethiopia nao katika maisha yao ya kila siku huhesabu saa kama sisi, kuanzia asubuhi. Ubao wa matangazo wa uwanja, hata hivyo, haufuati hesabu ya kwao wala ya kwetu.

Tangu siku hiyo simpi mteja tiketi bila kipande cha karatasi nilichokiandika kwa mkono, chenye kila saa ya safari kwa Kiswahili, nacho hukikunja na kukiweka ndani ya pasipoti. Ndege za baada ya usiku wa manane naziandika kwa uangalifu wa pekee. Tiketi inayosema 00:40, Jumamosi, maana yake ni saa sita na dakika arobaini ya usiku wa kuamkia Jumamosi, kwa hiyo abiria anapaswa kuwa uwanjani Ijumaa jioni. Wazee wetu wa pwani walikuwa sahihi waliposema "usiku wa Ijumaa" wakimaanisha usiku unaoitangulia Ijumaa. Mtu aliyelelewa katika hesabu hiyo huielewa tiketi hii haraka kuliko kijana anayeihesabu siku kuanzia asubuhi anapoamka. Jambo moja la kheri ni kwamba Addis Ababa, Nairobi, Doha na Istanbul zote zinatumia saa ileile ya Afrika Mashariki mwaka mzima, kwa hiyo saa ya mkononi haiguswi. Dubai na Muscat ziko mbele yetu kwa saa moja.

Jambo la pili ni kujua kama safari yote imo katika tiketi moja au katika tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali. Ikiwa ni moja, kwa kawaida mzigo huandikishwa Dar es Salaam hadi mwisho wa safari, na ndege ya kwanza ikichelewa, ni juu ya shirika kukutafutia njia nyingine. Ikiwa ni mbili, kila shirika hulijua lake tu. Mama mmoja wa Pangani aliletewa na jamaa zake tiketi mbili za mashirika tofauti, akafika mji wa Ghuba akiwa na muda wa saa kumi na moja wa kungoja, na sanduku lake likaenda kuzunguka kwenye mkanda wa mizigo upande wa pili wa uhamiaji, mahali ambapo yeye, bila viza, hakuweza kufika. Alinipigia simu akilia, na ilichukua karibu muda wote ule kumpata mfanyakazi wa uwanja aliyekubali kulifuatilia. Ndiyo maana nawaomba abiria waitazame ile karatasi ndefu inayozungushwa kwenye mkono wa begi pale kaunta. Herufi tatu kubwa zilizochapwa juu yake ndizo mwisho wa safari ya mzigo: ADD ni Addis Ababa, DOH ni Doha, DXB ni Dubai, IST ni Istanbul. Kama wewe unakwenda Oslo na karatasi inasema DOH, uliza hapo hapo kabla begi halijasukumwa ndani, kisha uitunze stakabadhi yake.

Viza ndiyo inayoamua kama utauona mji au utauona uwanja peke yake. Nairobi na Kigali Mtanzania anatoka bila viza, na kwa sababu hiyo huwaambia watu wasiidharau transiti ya karibu: Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, iko pembeni mwa jiji lenyewe, na mtu mwenye mchana mzima anaweza kuona twiga na vifaru huku maghorofa yakionekana nyuma yao. Kwingineko mambo hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo tunathibitisha na ubalozi au tovuti ya uhamiaji wa nchi husika wiki ile ile ya kukata tiketi, si kwa kumbukumbu ya mtu aliyepita mwaka juzi. Mambo mawili huwashtua wengi. Marekani haina transiti ya kukaa ndani tu. Kila anayeshuka hupita uhamiaji, hata kama anaendelea Canada saa mbili baadaye, kwa hiyo viza ni lazima. Na katika nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye viza moja ya pamoja, ukitua uwanja mmoja na kuunganisha hadi uwanja mwingine wa nchi hizo hizo, umekwisha kuingia Ulaya, na utahitaji viza ya kuingilia hata kama hukukusudia kutoka nje.

Tuseme sasa viza ipo. Je, muda unatosha? Mimi hufanya hesabu moja na kila mteja, kwa kalamu. Chukua mtu anayetua Istanbul saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuondoka saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano jioni: hapo pana muda wa saa kumi na tatu na robo. Toa saa moja na nusu ya kushuka, kutembea na kupanga foleni ya uhamiaji. Toa saa moja ya kwenda mjini na saa moja ya kurudi, kwa sababu uwanja ule, uliofunguliwa mwaka 2018, uko mbali na katikati ya jiji. Toa saa tatu za kuwapo uwanjani kabla ya ndege. Zinabaki saa sita na dakika arobaini na tano, na hizo zinatosha kwa msikiti wa Sultanahmet, chakula cha kukaa na kutulia, na pengine kivuko cha kwenda upande wa Asia. Lakini mwenye saa nane akifanya hesabu hiyo hiyo atabaki na saa moja na nusu, na kwa muda huo mimi humshauri asitoke. Ataiona barabara na saa yake tu.

Kabla ya kulipia chochote, uliza shirika linatoa nini. Turkish Airlines huwa na ziara ya jiji ya bure kwa abiria wake wa kimataifa wanaongoja Istanbul kwa muda wa saa 6 hadi 24, ilimradi wawe na ruhusa ya kuingia nchini. Ethiopian Airlines kwa kawaida huwapa hoteli abiria wenye kungoja kurefu Addis Ababa pale ambapo hapakuwa na ndege ya kuunganisha ya mapema zaidi, na jambo hili yafaa lithibitishwe wakati wa kukata tiketi. Mteja akichagua mwenyewe ndege ya kesho yake wakati ya leo ipo, haki hiyo huenda asiipate.

Addis Ababa nina mapenzi nayo, nakiri. Aliyelala hotelini na kuamka mapema anaweza kwenda Makumbusho ya Taifa kuona nakala ya mifupa ya Lucy, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu ambaye wenyewe humwita Dinknesh, mifupa iliyofukuliwa Hadar mwaka 1974 na yenye umri wa takriban miaka milioni 3.2. Sisi tuliozoea kuisikia Olduvai tangu shule ya msingi tunapata hapo nusu nyingine ya hadithi yetu. Mji uko juu sana, zaidi ya meta 2,300, kwa hiyo mtu wa Tanga aliyevaa shati la mikono mifupi atatetemeka, hasa Julai na Agosti ambayo ni miezi ya mvua kwao. Sweta ikae kwenye begi la mkononi, si katika sanduku lililokwisha kuondoka.

Doha, reli ya metro inaingia hadi uwanjani, na Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, yaliyosanifiwa na I. M. Pei na kufunguliwa mwaka 2008, yamejengwa ukingoni mwa bahari. Dubai, hali kadhalika, metro inafika uwanjani, lakini mimi huwaelekeza watu wa pwani kwenye hori la maji la Deira, wapande mashua ndogo iitwayo abra na kuyatazama majahazi yaliyofunga gatini na shehena yake. Muscat ni habari nyingine. Huko utasikia Kiswahili sokoni Mutrah bila kukitafuta, kwa kuwa familia nyingi za Oman ziliishi Zanzibar na pwani yetu, na bado zinakizungumza nyumbani.

Wasioweza kutoka nje nao wana mengi ya kufanya, ila yote ni ya mwili. Usingizi kwanza: tandika kanga au shuka mbali na njia ya watu, mkanda wa begi uuzungushe mkononi, na kengele ya simu uitegee saa mbili kabla ya ndege. Chupa tupu inapita ukaguzi na hujazwa ndani kwenye mabomba ya kunywea. Visheti, kashata na korosho zinapita. Achari, samli na mafuta ya nazi vinavyozidi mililita 100 katika viwanja vingi havipiti, na nimeona machozi yakitoka kwa ajili ya samli aliyoitengeneza mama mtu. Viweke kwenye sanduku kubwa tangu nyumbani, vimefungwa vizuri. Pawabenki, ile betri ya kuchajia simu, kinyume chake, hairuhusiwi kwenye sanduku, hukaa nawe. Na kama transiti ni Dubai, waambie walio nyumbani mapema kwamba simu za WhatsApp huwa zimezuiwa huko, hivyo utatuma ujumbe wa sauti, wasije wakakesha kwa hofu.

Upande wa pili wa kile kikaratasi naandika safari ya kurudi, ambayo wengi hawaiulizi kabisa. Viza ya kuingia mara moja ikitumika wakati wa kwenda, imekwisha, na abiria aliyetembea Istanbul kwa raha mwezi wa kwanza hushangaa kuzuiwa mwezi wa tatu pale pale alipopita. Kwa hiyo kama transiti ya kurudi ndiyo ndefu zaidi, viza naipendekeza itumike huko, na transiti ya kwenda abiria ailale ndani ya uwanja.