"Dokta, kikopo chenu kinapiga kelele"

Mbukwenyi wadau! Leo ni PrEP, ila sio semina, maana semina mmekaa hadi mmechoka. Kwa ambao bado haijawafikia: ni dawa kinga, anameza mtu ambaye HANA VVU ili asipate, kidonge kimoja kila siku, na ukimeza inavyotakiwa inapunguza uwezekano wa kuambukizwa kwa njia ya ngono kwa zaidi ya asilimia 90. WHO (Shirika la Afya Duniani) waliipendekeza kwa walio kwenye hatari kubwa tangu 2015. Usiichanganye na PEP, ile unaanza baada ya tukio, ndani ya saa 72, unameza siku 28.

Mimi ni mfamasia hapa Dodoma na kwa muda mrefu niliamini watu hawaji kwa sababu hawajui. Basi tukabandika mabango, tukafunga spika kwenye gari tukazunguka, tukarudi kuandika ripoti.

Halafu siku moja niko Kibaigwa, upande wa soko la mahindi kule malori yanakolala, nikakutana na dada wa grosari ambaye alianza dawa akaacha. Nikamuuliza, dada vipi, kichefuchefu kilikuzidi? Akacheka. "Dokta (huku hata mfamasia ni dokta, nishazoea), kikopo chenu kinapiga kelele." Akafungua pochi, akakitoa, akakitikisa karibu na sikio langu, chaka chaka chaka. Anakaa chumba kimoja na wenzake wawili, kila akigusa pochi wanageuka kumwangalia. "Huo mlio wanaujua ni wa dawa za wenye VVU, nikisema ni kinga nani ataniamini?"

Nimesoma famasia miaka 4, hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha mlio wa kikopo.

Ndo hapo tukaamua kufanya shindano la mawazo. Sio kitu tulichobuni sisi, WHO na wenzao wa TDR (programu ya utafiti wa magonjwa ya kitropiki) walishatoa mwongozo wake 2018, na Nigeria vijana wameutumia mtindo huo kutafuta namna ya kufikisha vipimo vya kujipima VVU kwa vijana wenzao. Unatangaza swali moja wazi, yeyote anajibu kwa namna anayoweza, jopo linachambua na ndani ya jopo lazima wawepo watumiaji wenyewe sio sisi wa makoti meupe tu, yale bora yanapewa zawadi halafu yanajaribiwa.

Tulikosea mwanzoni kabisa. Swali letu lilikuwa "toa maoni kuhusu changamoto za upatikanaji wa PrEP", kwa hiyo tukajibiwa kiripoti ripoti hivyohivyo, "elimu zaidi itolewe". Tukalibadilisha: ungekuwa unameza dawa kinga ungeichukulia wapi, saa ngapi, na ungeificha wapi? Aisee, vois noti zikamiminika hadi simu ikajaa.

Lililonikalisha chini lilikuwa la mama mmoja muuza mboga. Anasema, mwanangu, mimi kila miezi mitatu nakuja kuchoma sindano ya uzazi wa mpango, na nyie mnasema wa PrEP anarudi kupima kila miezi mitatu, sasa kwa nini mnaniita siku mbili tofauti, madirisha mawili, na lile la pili kila mtu anajua ni la nini? Nipeni vyote siku moja, nikiulizwa nyumbani nimetoka uzazi wa mpango na sijadanganya. Nikabaki nacheka mwenyewe, maana ratiba zote mbili ninazo mezani kwangu na sikuwahi kuzilaza pamoja. Na halihitaji hela mpya, jambo kubwa sana hilo, maana mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada, PrEP kwa fedha za PEPFAR (mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI) ikaruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu, tukaona wazi kwamba huduma inayoegemea mfuko mmoja inayumba siku moja.

Kuna mengine jopo liliyakataa. Wataalamu tulipenda sana wazo la bodaboda wasambaze dawa, wale dada watumiaji waliomo kwenye jopo wakatushangaa, "bodaboda wa kijiweni ndo redio yenyewe hiyo dokta". Likafa hapohapo. Lingine la kugawana vidonge na rafiki nililipinga mimi, na sitanii: lazima upimwe kwanza, kwa sababu kama tayari una virusi, dawa zilizomo kwenye PrEP peke yake hazitoshi kutibu, virusi vinazizoea vinakuwa sugu, baadaye matibabu yanakuwa magumu.

Kuhusu kikopo, wengi walisema jaza pamba. Sawa mlio unakwisha, ila pamba inashika unyevu na vidonge hivi havipendi unyevu, ndo maana mle ndani kuna kale kafuko, msikatupe jamani. Bora utoe vya wiki moja, uweke kwenye kiboksi kidogo kikavu kinachofunga vizuri, vilivyobaki viache kwenye kikopo chake mbali na joto.

Julai 2025 WHO walipendekeza lenacapavir, PrEP ya sindano mara mbili tu kwa mwaka, na kwenye utafiti wa Afrika Kusini na Uganda kati ya wanawake 2,134 waliopangiwa sindano hiyo hakuna hata mmoja aliyepata VVU. Sindano haina mlio. Lakini foleni, dirisha na macho ya watu vitakuwa palepale, na dirishani kwangu mimi bado natoa vidonge.

Yule dada wa Kibaigwa alirudi, akapimwa upya, akaanza tena. Nikamuuliza tumkumbushe vipi tarehe ya kurudi, tupige simu? Akakataa katakata. Tutume meseji, na isitaje dawa wala kliniki, iandikwe tu "mahindi yamefika".