Kumnyoa farasi singa za shingoni: fikiria haya kabla hujawasha mashine

Swali hili linatufikia sana huku kwenye huduma za mifugo, hasa kutoka kwa wenye farasi wa kupandisha watalii kule Nyali, Bamburi na Diani, na siku hizi hata watu wa bara wanauliza: daktari, hizi nywele za shingo zinanimalizia muda, si nizipige para tu mambo yaishe? Basi leo tuongee wazi. Kunyoa sio dhambi na wala farasi haumii akinyolewa vizuri, lakini ukinyoa kwa sababu umechoka kuchana utajikuta umebadilisha kazi tu, hujaipunguza, na kuna farasi utakuwa umewanyang'anya kitu wanachokihitaji kila siku. Kwa farasi wengi wa pwani jibu langu ni usinyoe, punguza.

Huo uchovu naelewa unatoka wapi. Farasi wa ufukweni anashinda kwenye upepo wa chumvi, anaingizwa majini, mchanga unajaa kwenye singa, jioni zikikauka zinakuwa ngumu zinashikana, na wote tunayajua maji ya Mombasa, mfereji leo unatoka kesho hamna, kisima nacho unakuta kina chumvi, kwa hiyo saisi, yule mtunza farasi, anaangalia mtungi wake wa lita 20 anaamua haya ni ya kunywa, kuosha baadaye. Bara shida ni vumbi na kishona nguo, zile mbegu nyeusi za kung'ang'ania, farasi akilishwa kwenye shamba lililovunwa anarudi shingo imejaa tele. Mtu akipambana na hayo kila siku lazima afikirie mashine.

Lakini piga hesabu kwanza. Shingo iliyonyolewa haikai safi, baada ya wiki mbili tatu nywele zinaanza kusimama kama brashi ya viatu, na ukitaka ibaki vizuri utarudia kila baada ya wiki tatu hivi, na mashine inataka umeme au betri, kisu kinolewe, na mtu wa pili wa kumshika farasi. Ukibadilisha mawazo ndio taabu yenyewe inaanza, manake singa zinakua kama sentimita 1 hadi 2 kwa mwezi, miezi ya kwanza zinasimama wima, alafu zinaanza kuanguka huku na huku bila mpango, na kurudi kwenye urefu wake wa kawaida ni mwaka na nusu, miwili, saa zingine zaidi. Kama farasi wako ni wa Kiarabu na una ndoto ya kumpeleka kwenye maonyesho, jua kwamba wale kwa kawaida wanaonyeshwa na singa ndefu za asili, kwa hiyo hapo umejifungia mlango mwenyewe. Kuchana kila siku ni dakika chache tu. Muulize saisi, yeye ndio anashika kitana, usiamue wewe unayekuja Jumapili.

Alafu kuna nzi. Farasi ana ujanja wake: mkia unapiga nyuma na ubavuni, ngozi ya bega na ubavu anaitikisa yenyewe (umeshaiona ikicheza nzi akitua), miguu anakanyaga. Juu ya shingo mkia haufiki, pale anategemea kutikisa kichwa singa zipepee. Ukizitoa anabaki anatikisa shingo tupu, na ukiangalia farasi aliyenyolewa msimu wa mvua utaona anavyosumbuka.

Wabaya zaidi ni visubi, wale wadogo kuliko mbu, wanaotoka jua likizama mpaka alfajiri, wanapenda unyevunyevu na samadi. Hao ndio wanaoeneza hosi siknesi, ugonjwa wa virusi unaoua farasi wengi Afrika wakati pundamilia wanaubeba bila hata kuonekana wagonjwa. Mtu asikudanganye kwamba singa ndefu zinauzuia, hazizuii. Kinachosaidia ni chanjo, kumwingiza bandani kabla jua halijazama, neti yenye matundu madogo madirishani, na dawa ya kufukuza wadudu. Ila kama huna banda zuri na farasi analala nje, angalau usimwondolee na kile kidogo alichonacho.

Wenye punda hii haiwahusu. Singa za punda ni fupi na zinasimama zenyewe, za pundamilia vilevile, hata za yule farasi mwitu wa Mongolia. Punda wa Lamu brashi inamtosha.

Sasa nani anyoe? Wachezaji wa polo, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo ukiwa juu ya farasi, kule Nairobi na Gilgil wananyoa farasi wao na wana haki, mkono wa kushoto umeshika hatamu, wa kulia umeshika gongo, mchezo ni mbio na kugeuka ghafla, singa zikijisokota kwenye vidole na hatamu mtu anaweza kuanguka vibaya. Ndio maana hata mkia wanaufunga. Wanorwei wao wana farasi wao wa asili ambaye singa zake pembeni ni nyeupe na katikati zina mstari mweusi, wanazikata zisimame ili huo mstari uonekane, hayo ni mapambo yao na kule baridi ni nyingi, sio lazima tuige.

Sababu nyingine ya kweli ni ngozi, na hapa naomba usome polepole. Kuna farasi wana aleji ya mate ya visubi. Anajikuna kwenye mti, kwenye ukuta, kwenye nguzo ya banda, singa zinakatika zenyewe, ngozi inatoka damu na maganda, baadaye inakuwa nene yenye mikunjo, na shina la mkia nalo hivohivo. Mwenye farasi anaona singa zimechakaa anasema ngoja ninyoe zote ziote upya. Hapana, hujatibu kitu, umewafungulia visubi njia. Kunyoa kunasaidia pale tu unapotaka dawa ifike kwenye ngozi, na ukinyoa lazima umfunike shingo kwa kitambaa chepesi cha kupitisha hewa hasa jioni, umpake dawa ya wadudu, na daktari amwone. Ukijua huwezi kufanya hayo, acha singa, mpake dawa kwa kuzigawa kwa vidole mstari baada ya mstari.

Msimu wa mvua kuna tatizo jingine la maganda yanayong'oka na vishungi vya nywele, linaletwa na bakteria anayependa ngozi iliyolowa, ambaye alitambuliwa mara ya kwanza kwa ng'ombe wa Kongo mwaka 1915. Mara nyingi anakaa mgongoni lakini akipanda shingoni chini ya singa zisizokauka, kunyoa sehemu hiyo, kuosha kwa dawa na kuikausha kunasaidia sana. Chawa pia, na kupe waliojificha kwenye mizizi ya nywele, ingawa kwa kupe mimi naona mkono unatosha, pitisha vidole kila jioni shingoni, masikioni na chini ya mkia, manake kupe wanaleta ugonjwa wa damu na hapo singa hazina kosa.

Kama huna mojawapo ya sababu hizo, kuna njia ya katikati ambayo watu wanairuka. Fupisha singa zifike sentimita 12 hadi 15 hivi, usitumie mkasi kwa kukata mstari mmoja ulionyooka maana atachekesha, kata ukishika mkasi wima, kidogokidogo. Nyoa upana wa vidole viwili au vitatu nyuma ya masikio pale ukanda wa hatamu unapopita, hapo panakuwa pasafi na hapaminyi nywele. Wa ufukweni msuke singa misuko mitatu minne mikubwa isiyobana kabla ya kuingia majini, ukitoka mwagia shingo maji kidogo yasiyo ya chumvi kuitoa ile ya bahari, fungua, kausha. Kishona nguo paka mafuta ya nazi kwenye vidole, zitateleza zenyewe. Na kumbuka mtalii mwoga anashika singa farasi akianza kutrot, yaani mbio za polepole, ukizinyoa mfungie farasi mkanda wa shingo wa kushikilia, la sivyo atashika hatamu na kumvuta mnyama mdomo.

Umeamua kunyoa? Haya. Osha shingo siku moja kabla ikauke kabisa, mchanga unaua kisu. Mzoeshe farasi kelele za mashine kwa siku kadhaa, iwashe mbali alafu sogea, mpe majani. Siku yenyewe mwenzako ashike kichwa kiinamishwe kidogo ili shingo inyooke, wewe simama pembeni usisimame mbele. Punguza kwanza kwa mkasi, alafu mashine kutoka mabegani kuelekea masikioni, katikati kwanza kisha pembeni mbili. Kishungi cha usoni kiache, kinalinda macho na nzi. Gusa kisu kila baada ya muda mfupi, kikipata moto simamisha, kuna farasi wengi wanaoogopa mashine maisha yao yote kwa sababu waliunguzwa mara moja. Siku za mwanzo ile ngozi haijazoea jua, kama ni ya waridi mpake krimu ya zinki au mweke kivulini saa za mchana. Na ukishanyoa iangalie ile shingo: ikiwa na nundu ngumu ya mafuta juu, farasi wako ni mnene kupita kiasi na yuko hatarini kuumwa kwato, punguza nafaka umwite daktari.

Mashine ya kinyozi usitumie. Haina nguvu, inapata moto haraka, na farasi akiwa na mapunye unamrudishia kinyozi, kesho wateja wake wanaondoka nayo kichwani. Hata mashine ya farasi yenyewe ikitoka kwa mmoja safisha kisu kwa dawa ya kuua vijidudu kabla hujamgusa mwingine. Na ukishapata raha ya kunyoa usiendelee na ndevu za mdomoni na nywele za karibu na macho, zile anazitumia kuhisi vitu asivyoviona mbele ya pua yake, na tangu 1 Julai 2021 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, haliruhusu farasi aliyenyolewa hizo kushindana. Nywele za ndani ya masikio nazo ziache zizuie wadudu.