Majina mengi, injini tatu: vivinjari ninavyojengea tovuti

Vijana ninaowafundisha kujenga tovuti hawaachi kuniuliza: Chrome au Firefox? Kabla ya kujibu huwa nawauliza wamejaribu kazi yao wapi. "Chrome, Edge, Opera na Brave," wanasema, na wanaamini wamepima mara nne. Wamepima mara moja. Vivinjari vyote hivyo vinaendeshwa na Blink, injini (sehemu ya kivinjari inayosoma msimbo na kuchora ukurasa) ambayo Google iliichipua kutoka WebKit mwaka 2013. Edge ilikuwa na injini yake, lakini tangu Januari 2020 nayo imejengwa juu ya Chromium, msingi huria wa Chrome wenye Blink ndani yake. Nje ya Blink, zinazobaki za kuhangaikia ni Gecko ya Firefox na WebKit ya Safari.

Mpangilio wa ukurasa naupanga kwenye Firefox, na sioni cha kunihamisha. Nikiandika align-items (agizo la kulinganisha vipande, katika CSS, lugha ya muonekano wa ukurasa) kwenye boksi ambalo si flex wala grid (njia mbili za kupanga vipande), Firefox inaufifisha mstari huo na kuweka alama pembeni. Nikipeleka kishale pale, inanieleza kwa nini agizo langu halina athari na nibadilishe nini. Mwanafunzi anayehangaika na CSS usiku peke yake, bila wa kumuuliza, anapata mwalimu hapo. Chrome nayo siku hizi inatoa vidokezo vya namna hiyo, ila kwa kuchora mistari ya grid na kuonyesha jinsi kila kipande cha flex kilivyotanuka au kusinyaa, macho yangu yanasoma Firefox haraka zaidi. Si kwamba Firefox inatangulia kila mahali: subgrid (grid ya ndani inayofuata mistari ya grid ya nje) ilikuwa nayo tangu 2019 na Chrome ikaipata 2023, lakini kwa :has(), inayochagua boksi kwa kutazama kilichomo ndani yake, Firefox ndiyo iliyofika mwisho, Desemba 2023.

Kasi naipimia Chrome. Kichupo cha Performance, kwenye zana zake za wasanidi, kinaniruhusu kuipunguza nguvu prosesa na kubana mtandao, nikaona ukurasa unavyokokota miguu kwenye simu ya bei nafuu. Laptopu ya msanidi inadanganya sana katika hili.

Sasa nije kwenye kosa ninalokutana nalo zaidi. Mteja anapiga simu: kitufe cha kulipa hakionekani, na anatumia Chrome kwenye iPhone. Msanidi anafungua Chrome ya kompyuta, anabonyeza kile kialama cha simu kwenye zana za wasanidi, anaona kila kitu kiko sawa, anamjibu mteja kwamba tatizo ni simu yake. Hapana! Kile kialama kinabadilisha mambo kama upana wa ukurasa na utambulisho wa kivinjari; injini inabaki Blink. Kwenye iPhone, Chrome yenyewe ni WebKit, kwa sharti la Apple, ambalo lililegezwa Umoja wa Ulaya kuanzia iOS 17.4 mwaka 2024. Na kitufe kimefichwa na 100vh, kipimo cha CSS cha kujaza urefu wote wa skrini, kwa sababu kipimo hicho hakihesabu nafasi inayoliwa na upau wa anwani unapojitokeza. Andika 100dvh, inayobadilika upau unapojitokeza au kujificha. Safari inakielewa kipimo hicho tangu toleo la 15.4, Chrome tangu 108, yote ya mwaka 2022.

Asiye na Mac wala iPhone asikate tamaa. Playwright, zana ya kujaribia tovuti, ni ya bure na inakuletea Chromium, Firefox na WebKit, hata kwenye Linux au Windows. WebKit hiyo si Safari kamili, na upau wa anwani wa simu hutauona humo, lakini makosa mengi ya mpangilio utayanasa kabla ya mteja.

Usimsahau mwenye Opera Mini anayebania bando. Katika hali yake ya kubana kabisa, ukurasa unaandaliwa kwenye seva za Opera na simu inapokea matokeo tu, hivyo JavaScript (msimbo unaoupa ukurasa vitendo) inayosubiri mguso wa kidole mara nyingi haifanyi ulichotarajia. Fomu zangu zote nazijaribu kwanza JavaScript ikiwa imezimwa: lazima zijazwe na zitumwe kwa HTML tupu, yaani msimbo wa msingi wa ukurasa, ndipo niongeze mengine.